Insulini inapiga hodi, mwili hauitikii: maswali ya kila siku dukani Ngamiani

Ni mwaka wa kumi na mbili huu nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga. Mtu anayekuja kununua metfomini, vidonge vya kisukari, mara nyingi hanunui akaenda zake. Anaegemea kaunta, anatoa kikaratasi cha vipimo kilichokunjwa mara nne, na maswali yanaanza. Nikawa nayaandika kurasa za nyuma za daftari la madeni. Ndiyo haya, mengi kwa maneno ya wenyewe. Hayachukui nafasi ya daktari wako, na dawa usiiache wala kuiongeza kwa ajili yangu.

Hiyo insulini ni dawa, au ni kitu cha mwilini?

Vyote viwili, ila ya mwilini ndiyo iliyotangulia. Ni homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu, na hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Ndani ya kongosho kuna vikundi vya seli vilivyotapakaa kama visiwa. Aliyeviona kwa hadubini mwaka 1869 ni Paul Langerhans, Mjerumani aliyekuwa bado anasomea udaktari, na wala hakujua vina kazi gani. Neno insulini linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Ukisimama ufukweni ukakitazama Kisiwa cha Toten kilivyokaa peke yake ndani ya ghuba yetu, jina hilo hulisahau tena.

Insulini ya dawa ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best katika maabara ya John Macleod. Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufua dafu, dawa ilikuwa chafu. James Collip akaisafisha upya, na siku kumi na mbili baadaye kijana akadungwa tena, sukari ikashuka. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa akinyimwa chakula ili asogezewe siku.

Nikinywa chai na chapati mbili, huko ndani kunatokea nini?

Tuchukue asubuhi ya kawaida. Saa moja, benchi la mama wa chapati mtaani kwetu: chapati mbili, maharage ya nazi, chai ya rangi yenye vijiko vitatu. Wanga wa chapati unavunjwavunjwa tumboni mpaka unakuwa glukosi, na glukosi inaingia kwenye damu.

Sasa sikia hesabu hii, mimi hunishangaza mpaka leo. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, glukosi iliyomo kwenye damu yake yote ni gramu nne au tano. Kijiko kimoja cha chai! Chapati mbili na chai ile si ajabu zikaleta gramu 80. Mzigo wote huo ungebaki kwenye damu, usingefika adhuhuri ukiwa mzima.

Haubaki. Chakula kikiwa bado utumboni, utumbo umeshatuma salamu kwa kongosho. Glukosi inapopanda, seli zinazoitwa beta humwaga insulini ndani ya dakika chache. Insulini inafika kwenye ukuta wa seli ya msuli na kupiga hodi kwenye kipokezi chake. Hodi ikisikika, ujumbe unapokezanwa ndani ya seli, molekuli hii kwa ile, kama mafundi wanavyorushiana matofali, mpaka unavifikia vipitishio vya glukosi viitwavyo GLUT4. Vipitishio hivi havikai ukutani muda wote. Vimehifadhiwa ndani, na hodi ndiyo inayovitoa. Vikifika ukutani, glukosi inapita. Insulini ikipungua, vinarudishwa ndani. Na insulini yenyewe si mgeni wa kukaa: nusu yake hutoweka kwenye damu kwa kama dakika tano.

Ini lina mambo yake. Kuingiza glukosi halihitaji hodi, mlango wake uko wazi. Hodi linayopigiwa ni ya amri nyingine: acha kutoa, anza kuweka. Linaweka glukosi kwa umbo la glikojeni, kama gramu 100 hivi. Misuli yote kwa pamoja inaweka kama gramu 400. Ghala zikijaa, kinachozidi kinageuzwa mafuta.

Kwa hiyo kazi yake ni kushusha sukari tu?

Watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea. Insulini ni tangazo la mwili mzima kwamba chakula kimeingia. Mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi yanaambiwa yatulie, yasitoke. Misuli inaambiwa ijenge protini, isijile. Potasiamu nayo inasukumwa ndani ya seli. Ukitaka kuona uzito wa tangazo hilo, mtazame mgonjwa wa aina ya kwanza, ambaye kinga ya mwili wake imeziua seli za beta: hata akila vipi anakonda, mafuta yanamwagika kwenye damu, ini linayageuza ketoni, damu inakuwa na asidi. Huyo hana tatizo la hodi kutosikika. Hana wa kupiga hodi.

Jana usiku sikula kitu, mbona asubuhi sukari iko juu?

Hili huulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi kwa hasira, maana nyumbani wameshamshutumu kwamba aliamka usiku akala.

Hakula. Ini ndilo lililomlisha. Ubongo wa mtu mzima unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na haupumziki umelala. Kwa hiyo usiku homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, huliambia ini litoe akiba, na ini hutoa kidogo kidogo. Insulini ya kiasi inaendelea kulishika mkono lisizidishe. Kuelekea alfajiri kotisoli na homoni ya ukuaji hupanda ili kukuamsha, na ini linaongeza kasi. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hujibu kwa insulini kidogo, kwisha. Kwa mwenye usugu wa insulini, yaani ambaye seli zake haziitikii hodi kama zamani, ini halisikii. Linaendelea kumwaga sukari kwenye damu ambayo tayari inayo ya kutosha. Metfomini unayomeza usiku, kazi yake kubwa ni hiyo: kulituliza ini.

Usugu wa insulini ndiyo nini? Insulini yangu imeharibika?

Insulini yako ni nzima. Walio sugu ni seli. Neno lenyewe tumelizoea kwenye malaria, tunaposema vimelea vimekuwa sugu kwa dawa, ndiyo maana watu wanadhani insulini imechuja. La hasha. Hodi inapigwa ileile, ila wenye nyumba hawaitikii kama zamani.

Kwa desturi yetu, ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa unaondoka. Kongosho halina desturi hiyo. Hodi ya mmoja isiposikika linatuma wawili, halafu watano, halafu kumi. Na kwa wingi huo milango inafunguka, sukari inashuka, ukipima unakuta safi. Hali hii inaweza kuendelea miaka kumi au zaidi. Mtu ana insulini mara mbili au tatu ya inayohitajika, sukari ni ya kawaida, na hakuna anayejua.

Halafu seli za beta zinachoka. Si zote kwa mpigo, na si kwa kila mtu. Wapo wanaoishi na usugu maisha yao yote, kongosho likamudu, wasipate kisukari. Lakini zikianza kushindwa, sukari ya baada ya kula ndiyo hupanda kwanza, kisha ya asubuhi. Siku unapoambiwa una kisukari cha aina ya pili, habari yenyewe ni ya zamani.

Kwamba kuna wagonjwa wa namna mbili, wanaoisikia insulini na wasioisikia, lilionyeshwa na daktari Harold Himsworth huko London mwaka 1936. Wapima sukari wengi bado hawalisemi.

Sasa unaanzaje? Mimi nimekosa nini?

Pengine hujakosa kitu. Nianze na hilo, kwa sababu mama mmoja alilia hapa kaunta akiamini ni adhabu ya soda alizokunywa usichanani.

Maelezo yenye nguvu zaidi leo ni ya mafuta yaliyokaa mahali pasipo pake. Mwili una ghala halali la mafuta, nalo liko chini ya ngozi. Makalio, mapaja, mikono: mafuta ya hapo hayana ugomvi mkubwa na mtu. Matatizo yanaanza ghala hilo linapofika ukomo wake. Mafuta yanayozidi yanatafuta pa kwenda, yanaingia katikati ya matumbo, ndani ya ini, ndani ya seli za misuli. Humo mabaki ya mafuta yanakatiza ule mnyororo wa kurushiana matofali. Kipokezi kimesikia hodi, ila tofali linadondoka njiani, GLUT4 haipati habari. Tatizo, basi, mara nyingi halipo mlangoni. Lipo ukumbini.

Juu ya hilo, mafuta ya tumboni yaliyobanana hayakai kimya. Yanaita seli za kinga, zinaleta uvimbe wa chinichini ambao huusikii kama maumivu, na kemikali zake nazo zinavuruga ujumbe wa insulini. Ndiyo sababu tunapima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Ukivuka hapo, inafaa kuuliza.

Ini nalo lina ajabu yake, na hili napenda kulieleza polepole. Likishakuwa sugu, haliwi kiziwi kwa yote. Amri ya "acha kutoa sukari" halisikii. Amri ya "tengeneza mafuta" linaisikia vizuri kabisa, na kwa kuwa kongosho limemwaga insulini nyingi, linaisikia kwa kelele. Hivyo linatoa sukari na kutengeneza mafuta kwa wakati mmoja. Mafuta hayo yanalijaza ini lenyewe, mengine yanapanda kwenye damu. Unaona mtu ana karatasi tatu: sukari imepanda, mafuta ya damu yamepanda, na picha ya ini imeandikwa "mafuta kwenye ini". Anadhani amepatwa na magonjwa matatu.

Kukaa kitako ni sababu nyingine. Msuli ndio mlaji mkubwa wa glukosi baada ya kula, na msuli usiotumika hauna haja ya kufungua. Usingizi pia. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wenye afya saa nne tu kwa usiku, siku sita mfululizo, na miili yao ikashindwa kuimudu sukari kama kawaida. Nikiwaona walinzi na vijana wa bodaboda wanaokesha nalikumbuka hilo. Zipo dawa pia, hasa za jamii ya steroidi. Upo urithi, na huo ni mzito: baba au mama akiwa nacho, wewe pima mapema. Umri nao una sehemu yake.

Ujauzito ni habari ya peke yake. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazomfanya mama awe sugu kidogo kwa makusudi, ili glukosi imfikie mtoto. Kongosho lisipoweza kuongeza insulini, sukari ya mama inapanda. Ndiyo maana kipimo hufanywa wiki ya 24 hadi 28. Baada ya kujifungua mara nyingi hali inarudi, lakini mama huyo ameshaonyeshwa kongosho lake lina akiba ndogo. Asisahau kupima kila mwaka.

Jirani yangu mwembamba kama ufito, mbona anacho?

Kwa sababu ghala lake ni dogo, likajaa mapema. Ushahidi mkali wa jambo hili ni watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta ya chini ya ngozi. Hawana unene wowote, na wana usugu wa insulini wa kutisha, kwani mafuta yao hayana pa kukaa isipokuwa kwenye ini na misuli. Na si kila kisukari cha mtu mwembamba ni cha usugu. Kingine ni upungufu wa insulini yenyewe, na dawa zake ni tofauti. Asigawiwe vidonge vya jirani.

Mimi chai nakunywa bila sukari. Nimejikinga?

Umepunguza, hongera. Lakini sahani ya wali wa nazi iliyojazwa mpaka ukingoni, ukiongeza na muhogo pembeni, mwilini ni glukosi vilevile. Soda ni mbaya zaidi kwa kasi yake: chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 mpaka 40, vijiko karibu tisa, na hakuna unachotafuna cha kuichelewesha.

Mwanangu ana weusi shingoni, nimemsugua na jiwe hautoki.

Acha kumsugua, mama, unamuumiza bure. Weusi ule laini kama mahameli, shingoni, kwapani, mara nyingine kwenye mikunjo ya viwiko, si uchafu. Insulini ikiwa nyingi mno kwenye damu huchochea seli za ngozi kuongezeka. Ni moja kati ya dalili chache za usugu zinazoonekana kwa macho. Mpeleke akapimwe.

Nilipima wakaniambia niko sawa. Basi niko sawa?

Ulipima lini, na ulikuwa umekula? Asubuhi bila kula, chini ya 6.1 milimoli kwa lita huhesabiwa kawaida kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kile cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, mpaka wake ni asilimia 6.5.

Dada yangu mwenyewe alipewa 6.6 kwenye zahanati moja, akaandikiwa "kawaida" na kuambiwa aende nyumbani. Miaka miwili baadaye alikuwa na 11. Mpaka leo kikaratasi kile ninacho. Kwa hiyo ukipima omba namba, usikubali neno peke yake. Na kumbuka nilichosema juu: namba nzuri ya sukari haikwambii kongosho limetoa jasho kiasi gani kuipata.

Ramadhani nifunge?

Kwa mwenye usugu ambaye hajafika kwenye kisukari, mfungo wenyewe hauna shida. Insulini inashuka mchana, mafuta yanapata ruhusa ya kutoka. Tatizo la kwetu ni magharibi. Tende, uji wa sukari, tambi za sukari, viazi, muhogo wa nazi, kaimati, vyote ndani ya nusu saa, kisha daku saa tisa usiku wali tena. Nimeona watu wanaomaliza mwezi wakiwa wameongezeka kilo tatu.

Ukiwa unadunga insulini au unameza glibenklamaidi, muone daktari wiki kadhaa kabla, dozi zipangwe upya. Sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua, hata kama imebaki robo saa. Ikipita 16.6, fungua pia. Na kujitoboa kidole kupima, masheikh wengi wanasema hakufunguzi.

Baiskeli inasaidia, au ni maneno tu?

Tanga ni mji wa baiskeli, na ninasikitika kuona vijana wanaiona ya wazee. Msuli unaokazwa na kulegezwa unavitoa vipitishio vya GLUT4 ukutani bila kungoja insulini. Una mlango wake wa uani. Mtu ambaye mlango wa mbele umegoma anaingizia sukari nyuma! Na ukishapumzika, msuli unabaki msikivu kwa insulini siku nzima, hata mbili. Ndiyo maana mara moja kwa wiki, hata ukijichosha vipi, haitoshi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002 uliwachukua watu waliokuwa kwenye onyo. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini, asilimia 31. Nauza metfomini, na bado nakwambia hivyo.

Mlonge, mdalasini, uwatu?

Havijathibitishwa kuweza kuchukua nafasi ya dawa. Uwatu una nyuzinyuzi, zinachelewesha sukari kidogo. Kunywa ukipenda, ila mwambie daktari. Nisionekane nadharau miti: metfomini yenyewe ina asili ya mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Kemikali ya mmea ilikuwa na sumu, ikachukua miongo ya kazi mpaka Jean Sterne, Ufaransa, alipoandika mwaka 1957 juu ya kuitumia metfomini kwa wagonjwa. Kati ya jani na kidonge pana safari.

Nimeambiwa nianze sindano. Ndiyo mwisho wangu?

Hapana, mzee wangu. Kongosho limechoka, unalisaidia. Basi.

Usugu unaweza kurudi nyuma?

Unaweza, hasa mapema. Uingereza, mwaka 2017, yalitoka matokeo ya wagonjwa wa aina ya pili waliokuwa na ugonjwa kwa chini ya miaka sita, wakapunguzwa uzito kwa mlo maalumu chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyo ya kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ni asilimia 86. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mafuta yalitoka kwenye ini na kongosho. Uzito ukirudi, nayo hurudi.

Na machungwa ya Muheza, niyaache?

Usiyaache. Lile chungwa kula na nyama zake. Glasi ya juisi inakula machungwa matatu manne, nyuzinyuzi unazitupa kwenye ndoo ya makapi, na ukizoea unaongeza na sukari juu.